Mashine ya Kufulia Ikigoma, Tuulize Kwanza Kilichokufa

Fundi amefungua mgongo wa mashine, amemulika ndani kwa tochi ya simu, na hukumu yake ni fupi: beringi zimekwisha. Anataja bei. Papo hapo mwenye nyumba anaanza kupiga hesabu: atengeneze, au pesa hiyo aiongezee anunue nyingine? Wengi huamua kwa umri wa mashine. Wengine wana kanuni yao, kwamba matengenezo yakifika nusu ya bei ya mpya basi hakuna haja. Kanuni hizo zina msaada wake, lakini zinaruka swali lenye jibu: ndani ya mashine kimekufa nini, na kimeuawa na nini? Mota ina maisha yake, pampu ina maisha yake, beringi zina maisha yao, na pipa lenyewe lina maisha yake. Kimoja kikifa, vingine havina habari.

Tuanze na kazi yenyewe ya kufua. Uchafu hunata kwenye uzi wa nguo kwa mafuta, ya mwili au ya chakula, na maji peke yake hayashikani na mafuta. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika maji, nyingine hushika mafuta. Ndiyo inayoyang'oa mafuta na kuyaacha yaende na maji. Kemia hiyo ni ya sabuni, mashine haina sehemu ndani yake. Mashine inafanya hasa mambo matatu: inashika maji, inageuza nguo ndani ya maji hayo, na mwisho inakamua. Kushika maji ni rahisi. Kugeuza nguo ni kazi ya polepole ambayo mota ndogo inaimudu. Kukamua ndiko kunakoichosha mashine, na hapo tutakaa kidogo.

Chukua mashine ya mlango wa mbele ambayo pipa lake la ndani, lile la chuma lenye matundu, lina nusu kipenyo cha sentimita 24 na linazunguka mara 1,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 20 kila sekunde. Kitu kinachozunguka hutaka kwenda moja kwa moja. Ili kibaki kwenye duara, lazima kisukumwe kuelekea katikati bila kukoma. Mchapuko unaohitajika ni mraba wa kasi ya mzunguko mara nusu kipenyo. Mizunguko 20 kwa sekunde ni radiani 125.7 kwa sekunde, mraba wake ni karibu 15,800, na ukizidisha kwa mita 0.24 unapata takriban 3,790. Mvutano wa dunia, kwa kipimo hichohicho, ni 9.8. Gawanya, utaona ni mara 386. Shati lililolowa lenye nusu kilo linaukandamiza ukuta wa pipa kwa uzito wa kilo 193. Ukuta unalisukuma shati lirudi kwenye duara, lakini maji yaliyofika kwenye tundu hayana cha kuyasukuma, basi yanakwenda zao.

Sasa fikiria nguo hazikujipanga sawasawa, na upande mmoja umezidi gramu 300, yaani taulo dogo lililolowa. Zidisha 0.3 kwa 3,790: kani ya zaidi ya Newton 1,100, sawa na uzito wa kilo 116. Na kani hiyo haitulii upande mmoja. Ni kama mtu wa kilo 116 anayening'inia kwenye pipa, akilivuta juu, kushoto, chini na kulia, mara 20 kwa sekunde, kwa dakika kadhaa.

Ndiyo maana ndani ya mashine kuna jiwe la zege. Wengi hushangaa kulikuta, wakidhani kiwanda kimetafuta njia ya mkato. Zege lipo ili pipa la nje, lile linaloshika maji, liwe zito, kwa kuwa kani ileile ikisukuma kitu kizito zaidi, kitu hicho husogea kidogo zaidi. Springi hulining'iniza pipa, na shokapu chini yake humeza mtikisiko na kuugeuza kuwa joto. Mashine inayotembea sakafuni wakati wa kukamua mara nyingi imechoka shokapu tu, au miguu yake haikusawazishwa. Kama ni mpya, huenda aliyeifunga alisahau kutoa boliti za usafiri nyuma yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalostahili kuitoa mashine nyumbani.

Turudi kwa beringi. Pipa la ndani limeshikwa kwa nyuma na mhimili mmoja, na mhimili huo umebebwa na beringi mbili. Namba zinazokutwa sana ni 6205 na 6206. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 25 na 30. Namba hizo ni za dunia nzima, na beringi yenye namba hiyo hukaa pia kwenye mota za viwandani na pampu za maji. Kwa hiyo si lazima utafute duka la kampuni iliyotengeneza mashine. Maduka ya beringi ya Kariakoo huuza kwa namba.

Ndani ya beringi, kila tufe la chuma hugusa njia yake kwenye eneo dogo mno, na kinachozuia chuma kusagana na chuma ni utando wa grisi ambao unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita. Mwaka 1947 Waswidi wawili, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walichapisha hesabu ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: maisha ya beringi za tufe hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, maisha hubaki moja ya nane. Punguza ukamuaji kutoka mizunguko 1,200 hadi 1,000, na ile kani ya nguo zisizolingana inashuka kwa karibu theluthi. Kasi kubwa ya kukamua ina maana kubwa Ulaya wakati wa baridi, ambako nguo hukaushwa ndani ya nyumba au kwa mashine nyingine inayokula umeme. Sisi tuna jua na kamba uani. Sioni kwa nini tuzichoshe beringi kufanya kazi ambayo jua la saa sita linaifanya bure.

Hata hivyo, beringi nyingi za mashine za kufulia hazifiki kufa kwa uchovu huo. Huuawa na maji. Mbele yao kuna sili ya mpira ambayo mdomo wake husuguana na mhimili kila mashine inapozunguka. Mdomo ukilika, maji ya sabuni hupenya. Sabuni kazi yake ni kung'oa mafuta, na grisi ni mafuta. Inaoshwa vilevile kama mafuta ya kola ya shati. Kinachofuata ni kutu, kisha mngurumo unaopanda kadiri kasi inavyopanda. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, chomoa plagi, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa pipa la ndani na ulinyanyue. Likicheza ilhali pipa la nje limetulia, fundi amesema kweli. Na akibadilisha beringi bila kubadilisha sili, kazi hiyo hajaifanya, kwa sababu muuaji bado yumo.

Uamuzi mgumu unakuja hapa. Kwenye mashine nyingi za zamani, pipa la nje la plastiki ni nusu mbili zilizofungwa kwa skrubu. Fundi hulifungua, hugonga beringi zitoke, hupachika mpya, na kufunga. Kwenye mashine nyingi za sasa nusu hizo mbili zimeyeyushwa zikashikana kiwandani. Beringi ya bei ndogo imefungiwa ndani ya chombo kisichofunguka, na njia halali iliyobaki ni kununua pipa zima. Mafundi wetu hawakubali hilo. Hulikata pipa kwa msumeno kuzunguka mshono, hufanya kazi yao, kisha huliunganisha kwa skrubu na silikoni. Nimeziona zilizofanyiwa hivyo zikifua vizuri, nami nawaheshimu mafundi hao, lakini mshono uliokatwa vibaya huvuja, na pipa lililounganishwa mshazari hula beringi mpya haraka. Muulize fundi kabla hajaanza: pipa hili linafunguka, au litakatwa? Jibu lake lina uzito kuliko umri wa mashine.

Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni iliyoanza kutumika Machi 2021, inayowataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingizwa sokoni. Beringi zimo katika orodha hiyo, ila kanuni inaruhusu ziuzwe pamoja na pipa. Kwa anayenunua mtumba wa Ulaya uliofika kwa kontena hilo ni jambo la kujua: kipuri kinaweza kuwepo, lakini kwa bei ya pipa zima.

Kuna kiungo kingine ambacho wengi hawajawahi kukiona. Pipa la ndani na mhimili wake vimeunganishwa na kiunzi cha miguu mitatu kilicho nyuma ya pipa. Pipa ni chuma kisichoshika kutu. Kiunzi mara nyingi ni alumini. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yanayopitisha umeme, ile iliyo tayari zaidi kuachia elektroni zake ndiyo inayoliwa, na hapa ni alumini. Zaidi ya hapo, alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi, na utando huo huyeyuka kwenye maji yenye ubesi mkali kama ya sabuni ya unga. Dawa ya kung'arisha yenye klorini na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wa pwani yetu wanayajua vizuri, huongeza kasi. Kiunzi huliwa kimyakimya miaka kadhaa, kisha siku moja mguu mmoja unakatika katikati ya kukamua, na pipa la ndani linapasua la nje. Ukisikia mlio wa chuma kugonga na pipa linayumba upande mmoja, zima. Kuuacha mlango wazi baada ya kufua ili nyuma ya pipa pakauke ni kinga isiyogharimu kitu.

Hivyo viwili, pipa lisilofunguka na kiunzi kilichoharibika, ndivyo ninavyoviita mifupa ya mashine. Vingine vyote ni viungo vya kubadilisha, na vingi vikigoma huifanya mashine ionekane imekufa wakati ni nzima.

Maji hayaingii, kwa mfano. Vali inayoruhusu maji hufunguliwa na sumaku ya umeme, lakini sumaku hiyo hufungua kitundu kidogo tu. Kinachonyanyua mpira wa vali ni presha ya maji yenyewe. Kwa kawaida vali inahitaji walau bar 0.3 hadi 0.5. Maji yaliyosimama hutoa karibu bar 0.1 kwa kila mita ya kimo. Tangi la juu ya bati lililo mita 2 tu juu ya mashine linatoa bar 0.2, na mashine itasubiri, itachoka, itaandika namba ya kosa. Ukimwita fundi atakubadilishia vali, na mpya nayo haitafunguka. Inyanyue simtanki, au weka pampu ndogo.

Maji hayatoki: fungua kichujio cha chini mbele. Sarafu, pini ya nywele, kifungo, soksi ya mtoto. Mashine haijui imejaa kiasi gani: hapo kuna kijibomba chembamba cha hewa kinachopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye swichi. Kila sentimita 10 za maji huibana hewa hiyo kwa paskali 980 hivi, asilimia moja tu ya presha ya hewa tunayovuta. Ukoko wa sabuni ukiziba kijibomba, mashine hujaa kupita kiasi au huwa kama kipofu. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Kwenye mashine za mapipa mawili, zile za kujazwa juu, mota ikivuma bila kuzunguka mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kipande cha bei ndogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Kwenye mota zenye brashi za kaboni, kaboni hulika kama ilivyokusudiwa, na hubadilishwa kwa jozi.

Hita nayo inapimika. Yenye wati 2,000 kwenye volti 230 ina ukinzani wa omu 26 na nusu hivi: mraba wa 230 ugawanywe kwa 2,000. Mita ikionyesha njia imekatika, hita imekufa. Ikionyesha kati ya 24 na 29, muache fundi atafute kwingine. Maeneo yenye mwamba wa matumbawe, kama Unguja na Mombasa, maji ya visima yamebeba kalsiamu bikaboneti. Yakipashwa moto, hewa ya ukaa hutoka na kalsiamu kaboneti huganda juu ya hita, ukoko uleule mweupe wa birika. Ukoko huzuia joto kutoka, hita hujichoma yenyewe, na ganda lake hupasuka. Hapo suala si pesa tena. Mashine inayopiga shoti izimwe siku hiyohiyo, na waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, uhakikiwe hadi ardhini kabla mtu hajaigusa.

Bodi ya umeme ndiyo inayotisha kwa bei. Umeme unaporudi baada ya kukatika, volti huweza kuruka juu kwa muda mfupi, na vipande vya mbele vya bodi hujitoa mhanga. Fundi anayeisoma bodi hubadilisha fyuzi na varista. Asiyeisoma hubadilisha bodi nzima. Tafuta maoni ya fundi wa pili kabla ya kulipia bodi, na ukibadilisha, weka kilinda volti kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme.

Muuzaji dukani atakuambia mashine mpya italipa bei yake kwa umeme utakaookoa. Hesabu hii tuifanye wenyewe. Kupasha lita moja ya maji nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.19, na hakuna kiwanda kinachoweza kuipunguza namba hiyo. Lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni kilojuli 2,200 hivi, yaani uniti 0.6 za umeme. Kugeuza na kukamua hutumia uniti 0.2 hivi. Anayefua kwa maji ya baridi, kama wengi wetu, hana joto la kuokoa. Hata mashine mpya ikipunguza nusu ya hizo 0.2, kwa ufuaji mara nne kwa wiki ni uniti 21 kwa mwaka. Weka shilingi 350 kwa uniti: shilingi 7,350. Mashine ya laki tisa hailipiki hivyo.

Maji ni habari nyingine. Mashine ya kujazwa juu inaweza kutumia lita 110 au zaidi kwa ufuaji mmoja, na ya mlango wa mbele 50 hivi. Tofauti ya lita 60, mara nne kwa wiki, ni zaidi ya lita 12,000 kwa mwaka. Kwa anayelipa bili ya bomba hilo ni dogo. Kwa anayeagiza boza la lita 10,000 kila mtaa unapokauka, ni boza zima na ziada, kila mwaka, na kwake hiyo inaweza kuwa sababu ya kweli ya kubadilisha aina ya mashine hata kama ya zamani inatengenezeka.

Yakishajulikana hayo, bei inapata maana. Tuseme mpya ni 900,000 na unaitarajia miaka 9: kila mwaka unanunua kwa 100,000. Matengenezo ya 150,000 yana faida iwapo yatakupa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Pampu mpya ndani ya mashine yenye pipa kimya na lisilocheza itakupa huo na zaidi. Pampu hiyohiyo ndani ya mashine ambayo beringi zake tayari zinanguruma haitakupa, kwa sababu umeifanya pampu kuwa mpya na mifupa imebaki na umri wake. Na pesa uliyolipa mwaka jana kwa ugonjwa mwingine isiingie kwenye hesabu hii. Imekwisha kwenda, iwe umetengeneza au umenunua.

Basi mtu akiniuliza, hujibu hivi: pampu, vali, kaboni, kapasita, shokapu, mkanda, hita, kufuli ya mlango, tengeneza bila kusita, hata kama mashine ina miaka 12. Beringi kwenye pipa linalofunguka, tengeneza. Beringi kwenye pipa lililoyeyushwa, tengeneza kama fundi ana kazi kama hiyo ya kukuonyesha inayoendelea kufua. Kiunzi kilichokatika na pipa lililopasuka, nunua nyingine. Wala usiitoe ya zamani kama chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo: mota, pampu, vali, bodi, kioo cha mlango na shokapu mbili huenda vyote ni vizima, na kuna mtu mtaa wa pili ambaye modeli yake ni hiyohiyo. Patana na fundi bei ya vipuri hivyo kwanza, kisha ndipo guta lije kuipakia.